Mlango wa Mkonga Unapolia: Kutafuta Chanzo cha Kelele, Vumbi, Maji na Joto kwenye Milango ya Land Cruiser na Land Rover za Zamani

Mtu akinunua Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile tunayoiita mkonga, au Land Rover 110 iliyokwisha kula barabara miaka ishirini, wiki ya kwanza husifu injini. Wiki ya pili huuliza mati za kuzuia kelele zinauzwa wapi. Namwelewa. Kutoka Karatu hadi Seronera huku unapaza sauti ili abiria wa pembeni akusikie kunachosha kuliko usukani wenyewe.

Lakini mati ni hatua ya mwisho. Milango ya magari haya ina malalamiko machache yanayojirudia, na mengi yanatokana na raba iliyokufa, bawaba iliyolegea, au nailoni ya ndani iliyochanwa na fundi wa kioo na haikurudishwa. Ukibandika mati juu ya hayo, kelele itapungua kidogo, kisha kutu itaanza kazi yake mahali usipoona. Ndiyo maana nimepanga mambo kwa dalili. Tafuta dalili yako, anza na chanzo cha kwanza, na usiruke.

Kabla hujafungua skrubu, hakikisha kelele inatoka mlangoni kweli. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser ni dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, silinda zake zinawaka mara 120 kila sekunde, na mngurumo wa namna hiyo una wimbi refu la karibu mita 3. Sponji ya milimita 6 haiwezi kuumeza. Tena sehemu kubwa ya mngurumo huo hupita sakafuni, kwenye ukuta wa injini na pale zinapotokea fimbo za gia. Simamisha gari, weka gia huru, funga vioo vyote, kanyaga mafuta hadi mwendo huo wa injini. Kama kelele inayokuudhi ipo hapo hapo gari limesimama, milango haina kosa kubwa. Fedha yako ianzie sakafuni na kwenye raba za fimbo za gia. Kama inakuja gari likitembea tu, endelea kusoma.

"Mlango ukifungwa unaita kama debe"

Debe tupu haliachi kuvuma, na mlango wa magari haya ni debe tupu kweli: bati jembamba la nje, uwazi, bati la ndani, paneli nyembamba ya kufunika. Hata hivyo anza na vitu vilivyolegea.

Chanzo cha kawaida kabisa ni fimbo za kitasa. Ndani ya mlango kuna fimbo nyembamba za chuma zinazounganisha mkono wa kufungulia na kitasa, nazo hushikwa na vibanio vya plastiki. Plastiki ikizeeka huvunjika, na fimbo hubaki ikigonga bati. Shika mkono wa nje utikise taratibu mlango ukiwa wazi; ukisikia mlio mwepesi wa chuma kwa chuma, umeshaipata. Badilisha vibanio, au kwa muda vika fimbo kipande cha mpira laini pale inapogusa. Usiifunge kwa waya wala usiikaze; fimbo isiyotembea huru itakuachia mlango usiofunguka siku ya hatari.

Chanzo cha pili ni bati lenyewe kuwa tupu. Gonga katikati ya mlango kwa vifundo vya vidole, kisha gonga karibu na ukingo. Ukingoni utasikia "tap" fupi. Katikati utasikia "dwaaang" inayobaki hewani. Hiyo "dwaaang" ndiyo kazi ya mati ya butili, yaani mpira laini unaonata, yenye foili ya alumini. Butili hugeuza mtetemo wa bati kuwa joto kidogo, na foili juu yake huilazimisha butili inyooke na kujikunja bati linapotikisika. Bila foili, au foili ikiwa nyembamba kama karatasi ya kufungia chakula, mati inakuwa uzito tu.

Wengi huamini lazima wafunike bati lote. Si lazima. Robo hadi nusu ya eneo, ikibandikwa katikati pale panapolia zaidi, inatosha kubadilisha "dwaaang" kuwa "tap". Mati ya milimita 2 ina uzito wa kilo 3 hivi kwa mita moja ya mraba, na uzito huo wote utaning'inia kwenye bawaba za gari ambalo bawaba zake zimekwisha kuchoka.

Kubandika kwenyewe kuna utaratibu wake. Tenganisha waya wa hasi wa betri kama mlango una umeme. Vua paneli, funua nailoni bila kuichana, vaa glavu nene: kingo za matundu ya bati la ndani hukata kama wembe, nawe utaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Toa vumbi kwanza kwa brashi, kisha kwa kitambaa chenye maji, kausha, halafu futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usitumie petroli wala dizeli; dizeli huacha mafuta, na petroli ndani ya mlango uliofungika ni moto unaosubiri cheche. Fanya kazi kivulini, bati likiwa na uvuguvugu. Kata mati vipande vya ukubwa wa kiganja hadi wa daftari, kwa sababu kipande kikubwa kitajikunja kabla hakijafika ndani. Kisha sukuma kwa rola ndogo, kwa nguvu, mpaka yale maumbo ya vitone kwenye foili yabonyee yalale. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mati iliyosukumwa kwa kiganja tu huacha vifuko vya hewa nyuma yake. Hewa hiyo hupanuka juani, na maji hujibanza humo.

Acha sentimita 5 za chini kabisa bila kitu chochote. Acha pia njia ya kioo, fimbo na mashine ya kioo. Kabla ya kurudisha nailoni, pandisha na kushusha kioo mara tatu.

Chanzo cha nadra zaidi: milango mingine ina chuma cha kuimarisha nyuma ya bati la nje, na utomvu uliokuwa kati ya chuma na bati umekauka na kuachia. Bonyeza bati kwa kiganja. Likigonga kitu ndani, weka vitone vichache vya gundi laini ya bodi isiyokauka ikawa ngumu. Usijaze.

"Kuanzia kilomita 80 kwa saa upepo unapiga mluzi"

Kwanza liondoe shaka la snokeli, lile bomba la hewa ya injini linalopanda kando ya kioo cha mbele, na keria. Vyote viwili hupiga mluzi unaosikika kana kwamba unatoka juu ya mlango. Chukua utepe wa karatasi wenye gundi wa mafundi rangi, ziba mwanya wote kati ya mlango na bodi kwa nje, mlango mmoja tu, huku milango mingine ikibaki huru ili watu watoke. Pita barabara ile ile, mwendo ule ule. Mluzi ukinyamaza, chanzo ni mlango huo. Ukibaki, ni keria, snokeli au kioo cha pembeni, na utakuwa umeokoa siku nzima ya kazi. Ukishajua ni mlango upi, bandua utepe kipande kwa kipande, kuanzia juu, mpaka mluzi urudi.

Chanzo namba moja ni raba ya mlango iliyokakamaa au kulala. Hapa noti ya shilingi ni kipimo kizuri kuliko jicho. Iweke kati ya raba na fremu, funga mlango, ivute. Ikikubana ukahisi inakataa, raba inafanya kazi. Ikitoka kama imetoka mfukoni, hapo ndipo upepo unapopita. Zunguka mlango mzima kila sentimita 10 na utie alama ya chaki kila inapoteleza. Alama zikitawanyika kila mahali, raba imekufa, ibadilishe. Zikikusanyika sehemu moja, kwa mfano kona ya juu ya nyuma, raba huenda ni nzima ila mlango haukai sawa.

Raba iliyokauka lakini haijapasuka inaweza kuamka. Isafishe kwa maji na sabuni, kausha, paka glisirini ya dukani kila baada ya wiki chache. Grisi na oili ya injini huifanya raba ivimbe na kulainika vibaya. Usizipake hata kama fundi anakuambia ndivyo afanyavyo siku zote.

Chanzo cha pili ni mlango kutokukaa sawa. Ufungue nusu, shika ncha yake kwa chini, unyanyue. Ukipanda na kushuka kabla bawaba hazijatikisika, pini zimelika. Kwenye Land Cruiser iliyofanya kazi za shamba au safari, mlango wa dereva ndio hulika kwanza, kwa kuwa kila mtu huushika na kuutegemea anapopanda. Badilisha pini au bawaba kabla ya kugusa kitu kingine, maana ukirekebisha sehemu ya kufungia mlango ukiwa umelala, utakuwa umeurekebisha ufuate kosa.

Bawaba zikiwa nzima, ndipo urudi kwenye pini ya kitasa iliyo kwenye nguzo ya bodi. Ichore mzunguko kwa penseli kabla ya kulegeza, isogeze ndani milimita 1, kaza, pima tena kwa noti. Milimita 1 tu. Mlango unatakiwa kushika kwa hatua mbili, mlio wa kwanza na wa pili. Ukishika hatua ya kwanza tu, gari lisitembee, hata kwa kwenda gereji ya jirani.

Kwenye Land Rover fremu ya juu inayozunguka kioo hupinda nje kidogo kidogo, hasa kwa milango inayofungwa kwa kuvuta kioo. Hilo ni la fundi bodi mwenye uzoefu. Ukilazimisha kwa goti, kama nilivyoona likifanywa, kioo hupasuka vipande vidogo vidogo usoni pa mtu.

STOP: ukiona ufa kwenye bati pale bawaba zinapoungana na nguzo ya bodi, au rangi imepasuka mistari kuzunguka bolti, hiyo si kazi ya mlango tena. Nguzo inachoka. Mpelekee fundi bodi anayejua kuchomelea, na betri itenganishwe kabla hajawasha mashine.

"Njia ya mawimbi ikianza, mlango unagongagonga"

Yale mawimbi ya barabara ya changarawe, yaliyojipanga kama bati la paa, ndiyo kipimo cha mwisho cha mlango. Kioo kikiwa juu kabisa kelele ikanyamaza, na kikiwa nusu ikarudi, chanzo ni reli za kioo: ile raba yenye manyoya ambayo kioo hupita ndani yake imelika. Ibadilishe. Usichomeke kadi ya simu au kipande cha kadibodi, kwa sababu kitakwangua kioo na kuvuta unyevu.

Kelele isiyobadilika kwa kioo hutoka kwenye klipu za paneli. Bonyeza paneli kwa kiganja gari likitembea, abiria ndiye afanye. Ikinyamaza, hesabu klipu. Mara nyingi tatu au nne hazipo tangu mara ya mwisho ilipovuliwa. Nyuma ya paneli, bandika vipande vyembamba vya sponji isiyonywa maji pale inapogusa bati.

Inayobaki ni mashine ya kioo yenyewe, ile ya mikono inayofanana na mkasi. Bolti zake hulegea. Kukaza ni kazi yako. Kuifungua siyo, isipokuwa unaijua: baadhi zina springi ya mzunguko iliyobanwa kwa nguvu, na ikiachiwa ghafla huvunja vidole. Kioo kifungwe kwa utepe imara wenye gundi juu ya fremu kabla mtu hajagusa bolti za mashine.

"Vumbi linajaa ndani hata vioo vikiwa vimefungwa"

Dereva akija na lalamiko hili, huonyesha mlango wake. Vumbi lenyewe kwa kawaida limeingilia nyuma. Gari lenye mgongo wima kama ukuta huacha nyuma yake hewa yenye msukumo mdogo, na hewa hiyo hulivuta vumbi la magurudumu na kulisukumia kwenye mwanya wowote wa mlango wa nyuma. Dawa ya haraka haina gharama: funga vioo vya nyuma vyote, fungua hewa ya nje ya mbele, washa feni. Ndani kukiwa na msukumo kidogo kuliko nje, vumbi hukosa njia. Ukifungua kioo cha nyuma tu "ili hewa ipite", unalialika.

Baada ya hapo, noti tena, safari hii kwenye milango ya nyuma, hasa pale milango miwili ya mkonga inapokutana katikati. Njia nyingine ya kuona ni kupaka unga wa chaki kwenye raba yote, kufunga, kufungua, na kutazama fremu: pasipo na chaki hapajagusana. Kisha tazama matundu ya waya wa taa na wa redio. Raba zake ndogo hupotea na tundu la ukubwa wa kidole gumba hubaki wazi.

STOP: njia ya vumbi ni njia ya moshi pia. Abiria wa nyuma wakilalamika kichwa kinauma, kichefuchefu, au usingizi usio wa kawaida, simamisha gari, tokeni wote nje, na bomba la moshi likaguliwe kabla ya safari kuendelea. Usijaribu kuziba njia hiyo kwa raba mpya kwanza.

"Zulia limelowa, na ndani kuna harufu ya uvundo"

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo milango inapokufa.

Maji huingia ndani ya mlango. Yameruhusiwa. Kila mvua, kiasi fulani hupita kwenye ile raba inayofuta kioo kwa nje, huteremka juu ya kioo, hudondoka chini ya mlango, na hutoka kwa matundu yaliyo ukingoni chini. Mlango mzima umepangwa hivyo. Kwa hiyo unapoona maji ndani ya mlango usishtuke. Shtuka unapoona hayatoki, au yanapita upande wa abiria.

Chukua lita moja ya maji. Mlango ukiwa umefungwa, yamimine polepole chini ya kioo kwa nje, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Mtu wa pili achuchumae atazame chini. Maji yanatakiwa kuanza kudondoka mara moja na kumalizika karibu yote ndani ya dakika moja au mbili. Ukifungua mlango ukasikia "chubwi" ndani, matundu yameziba. Yazibue kwa kijiti au kamba ya plastiki, si kwa bisibisi. Bisibisi hukwangua rangi, na kutu hupenda mkwaruzo. Tope litakalotoka ni jekundu, zito, na mara nyingi lina mbegu za majani ndani yake.

Matundu yakiwa safi na zulia bado linalowa, chanzo cha pili, na kwa uzoefu wangu kinakaribia kuwa cha kwanza, ni ile nailoni nyuma ya paneli. Watu huiona kama karatasi ya kiwandani isiyo na kazi. Kazi yake ni kubwa: maji yanayorukaruka ndani ya mlango huipiga, huteremka juu yake, na kurudi ndani ya bati. Ikichanika, huteremka juu ya paneli na kuishia zuliani, na paneli ya kadibodi huvimba kama mkate uliolowa.

Kutengeneza mpya hakuhitaji kuagiza. Nunua ile nailoni nzito wanayotandika chini ya msingi wa nyumba kabla ya kumwaga zege. Ilaze juu ya paneli, chora umbo, kata ukiacha sentimita 3 za ziada kila upande. Ibandike kwa utepe wa butili pembeni na juu. Sasa ukingo wa chini, tazama vizuri: lazima uingie *ndani* ya bati, kupitia ule ufa mrefu au matundu ya chini, ili tone likiteremka juu ya nailoni lidondokee ndani ya mlango. Ukiubandika juu ya bati kwa upande wako, umejenga mfereji unaomwaga zuliani. Nimefungua mlango uliobandikwa mati ya bei kubwa, kazi safi ya kupendeza, na ukingo huu mmoja ulikuwa upande usio sahihi. Mwenye gari alikuwa amekausha zulia misimu miwili ya masika.

Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo, nilijaza sponji ya godoro kwenye milango ya Land Rover. Kelele ilipungua kweli, nikafurahi. Baada ya mvua za mwaka ule nilifungua mlango wa dereva na sponji ilitoka nzito, ikichuruzika maji ya rangi ya chai. Fremu ya chini ya chuma ilikuwa imekwisha kuwa maganda. Land Rover ina ugonjwa wa ziada: bati la nje ni alumini, limekunjwa kuzunguka fremu ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana na maji, alumini hugeuka unga mweupe na rangi huvimba vipele kandokando ya mlango. Vipele hivyo ukiviona, tatizo liko ndani kwa muda mrefu tayari. Ile milango ya zamani yenye vioo vya kusukuma pembeni ina sehemu nyingine ya kutazama: reli za chini za vioo. Manyoya yake hukaa na maji siku nzima baada ya mvua kukatika, na reli huoza kutoka ndani.

Kabla ya kuweka sponji yoyote, itumbukize ndani ya ndoo, iminye chini ya maji, itoe, ikamue. Ikitoa maji, haifai mlangoni kamwe. Inayofaa ni yenye vitundu vilivyofungika: ile nyeusi ambayo mafundi wa viyoyozi huvisha mabomba, nayo inapatikana pia kwa shiti. Mkeka wa kambi wa plastiki laini nao hufaulu mtihani wa ndoo, ila gundi yake huachia mapema kwenye joto.

Kutu ndogo ya juu juu: isugue kwa brashi ya waya, osha, kausha kabisa, paka dawa ya kutu na rangi ya msingi. Mati ibandikwe baada ya rangi kukauka. Nta au oili ya kuzuia kutu ipuliziwe sehemu za chini *baada* ya mati, kwa kuwa mati haishiki juu ya nta.

STOP: bisibisi ikipenya bati la chini kwa kubonyeza tu, acha. Linahitaji kukatwa na kuchomelewa. Na ukimpelekea fundi wa kuchomelea, mwambie kwa mdomo wako kwamba mlango una sponji na butili, kisha vitolewe kabla hajawasha moto. Vinashika moto mahali asipopaona, na moshi wake ni mbaya.

"Mlango unachoma mkono mchana, asubuhi unatoa jasho"

Kuhusu joto niseme ukweli usiopendwa: mlango ni mchangiaji mdogo. Jua huingia zaidi kwa vioo na paa. Ukiwa na fedha ya sehemu moja tu, anza paa. Mlangoni, sponji ile nyeusi ya milimita 6 hadi 10 kwenye bati la ndani, chini ya paneli, hupunguza joto unalolihisi kwenye kiwiko. Foili inayong'aa inayokaa imebanwa kati ya vitu viwili haisaidii sana. Ili irudishe joto inahitaji uwazi wa hewa mbele yake.

Asubuhi ya baridi, kama pale ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, pumzi za abiria hugusa bati baridi na kuwa matone. Sponji iliyobandikwa bila mianya huzuia hilo. Iliyobandikwa kwa vipande vyenye nafasi kati yake huficha matone hayo nyuma yake.

"Nimeshabandika mati, na bado kuna tatizo"

Imebanduka au inanuka lami: umeuziwa mati ya lami, mara nyingi utepe wa kuziba paa. Gari lililoegeshwa juani huwa na bati la moto kiasi cha kuifanya lami ilainike na kuteremka, ikafunga matundu ya chini ya maji. Itoe yote. Kabla ya kununua nyingine, omba kipande kidogo, kibandike kwenye bati lililosimama wima juani siku mbili. Kikiteleza, mrudishie muuzaji.

Kioo kinakuwa kizito au kinakwama: kipande kimeingia njia ya kioo, au kona yake imeachia. Usilazimishe mkono wa kioo. Fungua, tazama kwa tochi.

Mlango umeanza kushuka: umeongeza uzito kwenye bawaba zilizochoka. Rudi kwenye pini za bawaba.

Mlango haufunguki kwa ndani: mati imebana fimbo ya kitasa. Gari lisibebe mtu mpaka fimbo iwe huru.

Na kuna walioshauriwa kupuliza povu linalovimba, lile la mafundi milango ya nyumba. Povu hilo hushika fimbo, mashine ya kioo na nyaya kwa pamoja, huziba matundu ya maji, na halitoki ila kwa kuchongwa kwa kisu kipande kwa kipande. Likiwa limeshaingia, usijaribu kuliyeyusha kwa thina ndani ya mlango. Mara nyingi ni nafuu kutafuta mlango mwingine wa mtumba kuliko kulipia siku za fundi, na ukiupata, uanze na lita moja ya maji kabla hujaupaka rangi.